Ziwa liko dirishani, koki ya wodini ni kavu

Kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mwanza, waganga wakuu wa wilaya, waganga wafawidhi wa hospitali na vituo vya afya, wajumbe wa bodi za hospitali, na waheshimiwa madiwani mnaopitisha bajeti,

Ninyi ni wakubwa zangu kwa cheo, na wengi wenu ni wanangu kwa umri. Huenda mmoja au wawili niliwapokea mimi siku mlipozaliwa. Nikiwaamkia shikamooni mtadhani nawatania, basi pokeeni salamu za kazi. Nimekuwa mkunga kwa miaka 31. Nimezalisha kwenye zahanati za visiwani kwa mwanga wa chemli, nikamalizia wodi ya wazazi mjini, nikastaafu na ninaishi Nyakato. Siandiki kumshtaki mtu. Hospitali nitakayoisimulia sitaitaja jina, kwa sababu nikiitaja, nyingine zote zitashusha pumzi.

Mwezi wa nne mke wa mwanangu wa pili alijifungua kwa upasuaji. Mtoto wa kike, kilo tatu na ushee, mama mzima. Nilikaa naye wodini kama bibi yeyote anavyokaa: kiti cha plastiki, chupa ya chai, beseni chini ya kitanda, dumu la maji na kanga mbili. Bibi akikaa wodini watu hudhani amesinzia. Mimi sikusinzia. Miaka 31 haitoki mwilini kwa barua ya kustaafu.

Asubuhi ya pili alikuja nesi, binti wa miaka ishirini na kitu, anasukuma toroli la kusafishia vidonda. Sinki iko mlangoni. Akaifungua koki kwa kiwiko kama alivyofundishwa. Ikakohoa, ikatema hewa, ikanyamaza. Juu ya sinki kuna bango la rangi linaloonyesha hatua za kunawa mikono, limebandikwa vizuri, halina hata vumbi. Akaangalia chini ya kitanda chetu.

"Bibi, samahani, naomba sabuni yenu kidogo. Na maji, kama yamebaki."

Nikampa kipande cha sabuni ya mche tuliyokuwa tukifulia nepi, nikammiminia maji kwa kikombe. Alinawa vizuri yule binti, sina la kumsema: viganja, migongo ya mikono, kati ya vidole, dole gumba kwa kulizungusha, ncha za kucha. Akakifunga kidonda cha mkwe wangu kwa mkono wa mtu anayeijua kazi. Kisha akasogea kitanda cha pili. Mama wa pale hakuwa na sabuni. Binti akaitazama mikono yake, akanitazama mimi, na dumu langu lilikuwa limeisha. Akavaa glavu nyingine, akaendelea. Kitanda cha tatu hivyo hivyo. Cha nne hivyo hivyo.

Sabuni yote iliyokuwamo katika wodi ile ya vitanda 20 ilikuwa mali ya wagonjwa.

Siku ya nne tukaruhusiwa. Siku ya saba mshono ukawa mwekundu, ukawa wa moto ukiugusa, na usiku wake kanga ikalowa usaha. Tukarudi, tukalala siku tisa. Dawa ya kwanza haikushika. Usaha ukapelekwa maabara kuoteshwa, majibu yakaja na orodha ndefu ya dawa zisizofua dafu na orodha fupi ya zinazoweza. Zile za orodha fupi zilikuwa za sindano, na mwanangu aliuza pikipiki aliyokuwa akiendeshea bodaboda. Sitaapa kwamba ni mikono. Kidonda cha upasuaji kina milango mingi ya kuingizia wadudu: chumba cha upasuaji, vyombo, upungufu wa damu, sukari, hata kanga tulizotoka nazo nyumbani. Ila mlango niliouona kwa macho yangu uko wazi ni ule.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilisema kwamba kati ya kila wagonjwa 100 wanaolazwa, 7 katika nchi tajiri hupata maambukizi humo humo hospitalini, na katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kama yetu, ni 15. Kati ya kila 10 wanaoambukizwa hivyo, mmoja hufariki. Usafi wa mikono pamoja na hatua nyingine zisizo za gharama kubwa unaweza kuzuia asilimia 70 ya maambukizi hayo. Hesabu hizi mnazijua kuliko mimi, mmezisikia kwenye semina. Naziandika kwa ajili ya majirani zangu wanaoamini kwamba mtu akienda hospitali na ugonjwa mmoja hawezi kurudi na miwili.

Sasa maji. Kwenye dirisha la wodi ile ziwa linaonekana lote, na boti za dagaa zikielekea Kirumba. Ziwa la kilomita za mraba zaidi ya 68,000, na nesi anaomba kikombe cha maji kwa bibi! Ni rahisi kuilaumu mamlaka ya maji, na mimi nilikuwa hodari wa kuilaumu enzi zile jiji lilipotegemea chanzo cha Capripoint, na watu wa milimani maji tukiyasikia kama hadithi. Siku hizi kuna chanzo cha Butimba pia. Kwa hiyo nilimfuata fundi wa hospitali, mzee mwenzangu, nikamuuliza kulikoni. Akacheka. Maji yapo, akasema, yamejaa kwenye tangi la chini. Pampu ya kuyapandisha kwenye simtanki la juu ina mita yake ya LUKU, na umeme ukiisha Ijumaa jioni, mwenye idhini ya kununua yuko kwao mpaka Jumatatu.

Kisa hiki nimewasimulia watu wengi. Hucheka kwanza, halafu hunyamaza. Maji yametoka ziwani, yamechujwa, yametiwa dawa, yamepanda mlima, yameingia getini, kisha yamekwama hatua hamsini kutoka kitandani kwa kukosa tokeni. Hapo hapahitaji mradi wala mfadhili. Kati ya ziwa na geti wapo wengine wa kuwajibika. Kati ya geti na kitanda mpo ninyi.

Na mkisema umeme ni tatizo la taifa zima, basi tazameni juu. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la wodi lenye mita za mraba 300, mvua moja ya masika ya milimita 30, hapo mna lita 9,000. Nimeiona mvua hiyo ikimwagika kutoka kwenye bati lisilo na gata, inachimba shimo ukutani na kukimbilia mtaroni, ndani wagonjwa wanatuma watoto kuchota.

Najua jibu litakalokuja, maana na mimi nilikuwa nalitoa nikiwa msimamizi wa wodi: wauguzi ni wazembe, waitwe wapigwe semina. Hapo nina langu la kukiri. Usiku mmoja, miaka mingi iliyopita, nilikuwa peke yangu na wazazi kumi na mmoja, watatu wakiwa leba kwa pamoja. Nilitoka kitanda hadi kitanda na jozi ile ile ya glavu. Kunawa nilikujua. Nilikuwa nimeshawafundisha wengine. Lakini sinki ilikuwa upande wa pili wa korido, na kichwa cha mtoto kilikuwa kinaonekana. Kunawa kwa sabuni na maji vizuri huchukua sekunde 40 hadi 60, bila kuhesabu kwenda na kurudi. Zidisha hizo kwa kila mgonjwa unayemgusa kabla na baada, kwa kila dripu unayoweka, kwa kila mpira wa mkojo, kwa kila shuka uliloshika. Zamu nzima itaishia kwenye sinki.

Mjini Geneva miaka ya tisini kulikuwa na daktari, Didier Pittet, aliyeliona jambo hilo hilo kwenye hospitali yao yenye maji ya moto na ya baridi. Badala ya kuongeza ukali aliongeza chupa. Kitakasa mikono cha spiriti kiliwekwa pale pale kitandani, mtu anajipaka kwa sekunde 20 hadi 30 huku anatembea. Mwaka 1994 watu walisafisha mikono kwa asilimia 48 ya nyakati walizopaswa. Mwaka 1997 walifika asilimia 66. Wagonjwa wenye maambukizi ya hospitali walishuka kutoka asilimia 16.9 mwaka 1994 hadi 9.9 mwaka 1998. Hakuajiri malaika. Ni watumishi wa aina ile ile, wenye haraka ile ile na uchovu ule ule. Na mtaona hata kwao hawakufika mia.

Chuoni tulifundishwa pia habari za Ignaz Semmelweis wa Vienna, na sisi wakunga tuliipenda hadithi yake kwa sababu isiyo ya kitaaluma. Hospitali kuu ya Vienna ilikuwa na kliniki mbili za uzazi: moja ya madaktari na wanafunzi wao, nyingine ya wakunga. Kwa madaktari wanawake walikufa kwa homa ya uzazi wengi zaidi kuliko kwa wakunga, mpaka wengine wakawa wanasihi wasipelekwe kule. Semmelweis akabaini kwamba madaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti na kuingia leba moja kwa moja. Mei 1847 akawataka wanawe mikono kwa maji ya klorini. Aprili walikuwa wamekufa wanawake 18 katika kila 100 kwenye kliniki ile. Juni walikufa 2. Tulicheka sana darasani, wakunga wameshinda! Lakini sehemu ninayoifikiria uzeeni ni ile ya mwisho. Wakubwa wa uzazi wa Ulaya walipomkatalia, aliwaandikia barua za wazi akiwaita wauaji. Barua hazikusaidia kitu. Alikufa mwaka 1865 katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akiwa na miaka 47. Ndiyo maana mimi katika barua yangu hii nachagua maneno.

Kitakasa mikono chenyewe hakingoji meli. Shirika la Afya Duniani limeitoa kanuni yake kwa kila mtu. Ukitaka lita 10: ethanoli ya asilimia 96 mililita 8,333, hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417, gliserini ya asilimia 98 mililita 145, kisha jazia maji yaliyochemshwa na kupoa mpaka ufike lita 10. Unaiacha saa 72 kabla ya kuigawa, ili vijidudu vilivyojificha kwenye chupa au kwenye spiriti vife. Gliserini ni kwa ajili ya ngozi. Spiriti tupu huwapasua wauguzi mikono, na mkono uliopasuka hauendi kwenye chupa mara ya pili. Mfamasia mmoja mwenye mizani, mapipa safi na kipimo cha spiriti anaweza kuhudumia wilaya. Wala mtu asiniletee habari za gongo, najua mnavyowaza. Gongo nguvu yake haijulikani, na mkononi tunahitaji asilimia 80 iliyopimwa.

Hospitali kubwa zetu zina wafamasia wa kutosha kufanya kazi hiyo. Zahanati za Ukara, Irugwa, Kome na Maisome hazina. Huko nimefanya kazi, najua chupa ikiisha inaisha mpaka boti ijayo. Hospitali za bara zitengeneze, visiwa vipelekewe pamoja na chanjo na dawa. Dumu la spiriti lisikae karibu na injini wala karibu na mtu anayevuta sigara, hilo naliandika kwa sababu nimesafiri kwenye mitumbwi ile. Na sabuni isiachwe kwa kuwa chupa imekuja: mkono wenye damu, kinyesi au tope hausafishwi na spiriti, unahitaji maji.

Kuhusu glavu nitasema kidogo tu. Glavu si ngozi mpya. Inatoboka, na mkono ndani yake unatoka jasho. Niliona daktari kijana amevaa glavu, amekagua mshono, simu ikaita, akaitoa mfukoni kwa glavu ile ile, akaongea, akairudisha, akamgusa mama wa pili. Nilitamani kusimama. Sikusimama, kwa sababu mimi ni bibi wa kiti cha plastiki na mkwe wangu alikuwa mikononi mwao. Taulo la pamoja linaloning'inia msumarini nalo liondolewe leo hii, wala halihitaji kikao. Kipande cha sabuni kinachoogelea kwenye kisahani chenye maji kikatwe vipande vidogo na kikae mahali panapochuja.

Na sisi wa viti vya plastiki je? Katika hospitali zetu anayemgusa mgonjwa mara nyingi kuliko wote si daktari wala nesi, ni ndugu. Mimi ndiye niliyembadilisha mkwe wangu, nikamlisha uji, nikamwaga mkojo, nikambeba mtoto. Siku zote zile hakuna aliyeniambia ninawe wapi. Bibi mmoja kutoka Ukerewe, mkarimu kupita kiasi, alikuwa anamwaga mfuko wa mkojo wa binti yake kisha anampakata mtoto wa jirani ili mama yake apumzike. Nilimwita pembeni kwa Kikerewe kibovu nilichokiokota Nansio, tukanawa wote kwa dumu langu. Angekuwa na chupa kitandani na mtu wa kumwonyesha mara moja tu, angefanya. Halafu mhudumu wa usafi: alikuwa na ndoo moja ya kudekia wodi mbili na choo. Hakuwahi kuitwa semina yoyote. Nilimuuliza.

Mwaka 2020 kila mlango wa mji huu ulikuwa na ndoo ya maji tiririka. Kwenye hospitali, sokoni, kanisani, msikitini, mpaka kwenye vibanda vya chipsi. Ndoo ile ya getini kwa hospitali ninayoisema bado ipo. Ndani yake kuna utando wa buibui na risiti za parkingi. Machi 2023 ng'ambo ya ziwa, Kagera, mlipuko wa homa ya virusi vya Marburg ulitangazwa: watu 9 waliugua, 6 wakafariki, na wahudumu wa afya walikuwa miongoni mwa waliougua. Ndoo zikajazwa tena. Juni mwaka huo mlipuko ukatangazwa kuisha, ndoo zikakauka. Januari 2025 ukaja Biharamulo, na watu 10 waliohesabiwa kuugua wote walifariki. Ndoo zikajazwa. Sisi huku tunanawa kwa matangazo, kama tunavyovaa tisheti kila tarehe 5 Mei siku ya usafi wa mikono duniani, tukapiga picha mbele ya koki. Wadudu waliomla mkwe wangu mshono hawana siku yao. Wapo wodini kila siku, na wanazidi kuwa sugu. Watafiti wa hapa hapa Mwanza wamekuwa wakiandika habari za wadudu hao, akina Klebsiella, kwa miaka mingi.

Nilichokuja kuomba kinaingia kwenye karatasi moja. Kila wodi iwe na mtu mmoja, mwenye jina, ambaye chupa na sabuni vikiisha ndiye anayeulizwa, na awe na uwezo wa kuchukua nyingine stoo bila kusubiri sahihi tatu. Muuguzi wa zamu apewe namna ya kununua umeme wa pampu hata usiku wa manane. Fedha zenyewe ni ndogo kuliko posho ya chai ya kikao kimoja. Mlangoni mwa kila wodi, badala ya bango jipya, ibandikwe karatasi ya kalamu tu: wiki hii tumetumia lita ngapi za kitakasa, vipande vingapi vya sabuni, koki ilikauka siku ngapi. Ukiona wodi ya watu 20 imetumia nusu chupa kwa wiki, huhitaji mkaguzi kutoka Dodoma. Karatasi hiyo aisome mganga mfawidhi kwenye kikao cha asubuhi kabla ya jambo lingine lolote, na diwani akija kutembelea aisome pia badala ya kwenda moja kwa moja kwenye jengo jipya.

Tena kuna la mwisho, nalo ndilo gumu kuliko pampu. Yule binti wa toroli aweze kumwambia daktari bingwa kwenye raundi, mbele za watu, "Daktari, mikono," na daktari akajipaka na kuendelea, na kesho binti asihamishwe wodi. Hili halipitishwi kwenye bajeti. Linaanza siku mganga mfawidhi mwenyewe atakapoambiwa hivyo na nesi wa mwaka wa kwanza, akasema asante.

Jumanne ijayo namrudisha mkwe wangu kliniki. Mshono umefunga, umebaki upande mmoja tu unaovuja kidogo. Nitakuja na dumu langu na sabuni yangu kama kawaida. Wakati anasubiri kuitwa nitapanda hadi ile wodi, nimsalimie yule binti kama yuko zamu, nifungue koki ya mlangoni.

Wenu,
Mkunga mstaafu, Nyakato, Mwanza